Kwenye theluji na mabeshte, anayesema ‘mimi hapa sishuki’ asichekwe

KILA Desemba ikiingia, simu za Wakenya wanaosoma na kufanya kazi Ulaya huanza kupokea mwaliko ule ule. Wenzao wa darasani, wa wodini au wa nyumba wanayokodi pamoja wamepanga Jumamosi ya mlimani. Basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri, skii na viatu vitakodiwa huko huko, jioni kila mtu arudi kwake. Mwaliko wenyewe ni wa upendo. Na mtu wetu, ambaye theluji aliiona mara ya kwanza akiwa kwenye stendi ya basi na mifuko ya shopping mkononi, anajibu “nimo” kabla hajauliza swali hata moja.

Wanaopata mwaliko huo wanaongezeka. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin, na ukipita Nairobi leo utakutana na vijana wanaokariri Kijerumani wakiwa kwenye matatu. Baadhi yao wataishia Bavaria, ambako kutoka Munich unafika milima ya Alps kwa treni kabla hujamaliza kusikiliza podikasti mbili. Wengine wako Austria, Uswisi, Canada na Marekani. Kwa hivyo ukurasa wa vijana wa Kenya ukiandika kuhusu skii haujaanza maringo. Ni habari ya kakako, ya dadako, na pengine yako wewe mwakani.

Picha zinazofika huku ni za raha tupu. Anga la samawati, miwani mikubwa ya rangi, video ya sekunde kumi ya mtu akiteleza huku wenzake wakipiga mayowe. Nyingi ni za kweli na tunawaonea wivu. Lakini kuna jambo ambalo video hazionyeshi, na msimamo wetu juu yake ni huu: siku ambayo theluji imechanganyika, kinachoamua kama mbogi nzima itarudi salama si ustadi wa yule anayejua zaidi wala bei ya vifaa. Ni kama yupo mtu katika kundi hilo anayeweza kusema “mimi hapa sishuki” bila kuchekwa, na wengine wakageuza safari kwa sababu yake.

Ieleweke kwanza kwamba theluji si kitu kimoja. Huku kwetu tumezoea kuiita yote barafu, ya kilele cha Mlima Kenya na ya friji ya mama. Kule siku moja tu inaweza kukupa aina tano, na siku ya mchanganyiko humsumbua mgeni kuliko siku ya baridi kali inayokaa vile vile kutoka asubuhi hadi jioni.

Chukua siku ya Machi kwenye Alps, jua limewaka jana yake na usiku baridi ikashuka chini ya sufuri. Mashine zimepita usiku kucha zikisawazisha njia, na saa tatu asubuhi zimeacha mistari myembamba kana kwamba mlima umechanwa kwa kitana. Ni ngumu, ina kasi, na ukingo wa skii unashika. Lakini pale maji ya jana yalipotuama pameganda pakawa barafu tupu, rangi ya kijivu inayometameta, na hapo ukingo haushiki chochote. Kufikia saa tano upande unaotazama kusini umeanza kulainika, na huo ndio muda mtamu ambao watu wa huko huamkia mapema kuutafuta. Saa saba upande huo huo umekuwa rojorojo. Skii zinazama na kusimama ghafla huku mwili ukiendelea na safari, na goti linabaki katikati likivutwa na pande zote mbili. Ukihama uende upande wa kaskazini, ambao jua haliufikii, unakuta bado ni mgumu kama sakafu, na pembeni mwake kati ya misonobari huenda kumebaki theluji ya unga ya wiki iliyopita inayomwita kila mtu. Juu kwenye ukingo wa mlima, upepo umeibeba theluji kutoka upande mmoja na kuirundika upande wa pili ikawa bamba zito. Saa tisa vivuli vinarudi. Lile rojorojo lililokanyagwa na maelfu ya watu linaganda na mashimo yake na matuta yake yote.

Hapo hatujataja theluji ya kutengenezwa na mashine, ambayo hushikana zaidi na kuwa ngumu upesi, wala mawingu. Wingu likishuka mlimani, juu ni kweupe na chini ni kweupe. Huoni tuta, huoni bonde, wakati mwingine hujui kama umesimama au bado unasonga hadi uanguke.

Sasa mbogi yetu imeketi kwenye lifti ya viti na mtu anasema, “Twende ile nyekundu ya asubuhi, ilikuwa poa.” Ilikuwa poa saa tatu. Saa tisa hiyo si njia ile, ni njia nyingine yenye jina lile lile. Rangi za Ulaya, yaani bluu kwa rahisi, nyekundu kwa wastani na nyeusi kwa ngumu (Ufaransa huongeza kijani chini ya bluu), hupimwa hasa kwa mwinuko. Bango halibadilishwi kwa sababu leo kumeganda. Bluu iliyoganda inaweza kumtisha mgeni kuliko nyekundu iliyolainika. Na aliyezoea alama za Marekani, ambako kuna duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, asidhani zinalingana na za Austria moja kwa moja.

Aliyeketi kimya mwisho wa kile kiti cha lifti anajua miguu yake imekwisha. Ameanguka mara sita. Kiatu kinamfinya. Lakini tiketi ya siku kwenye vituo vikubwa vya Austria inapita yuro 70, zaidi ya Sh10,000 za huku, na juu yake kuna kodi ya vifaa na nauli. Wenzake wamemsubiri mara tatu tangu asubuhi na hataki ya nne. Halafu kuna lile la kuwa mtu mweusi pekee kwenye mlima mzima, ambalo hakuna anayelisema lakini wengi hulihisi: akishindwa yeye, anahisi ameshindisha bara zima. Basi anatingisha kichwa. Twende.

Tunajua watakaosema hayo ni mambo ya watu waoga na kwamba mwenye ujuzi hapati shida hiyo. Ukweli ni kwamba wenye ujuzi ndio hupatikana nayo kwa njia mbaya zaidi.

Mwezi Februari 2012 una mifano miwili iliyofuatana kwa siku mbili tu. Tarehe 17, Mwanamfalme Friso wa Uholanzi, mwana wa pili wa Malkia Beatrix, alikuwa Lech, Austria, mahali ambapo familia yake ilikwenda kila mwaka. Alikuwa na rafiki wa pale pale. Tahadhari ya maporomoko ya theluji siku hiyo ilikuwa kiwango cha 4 kati ya 5. Wakatoka nje ya njia zilizowekewa alama. Poromoko likaja. Rafiki alikuwa na begi la mgongoni linalofutuka hewa, akatoka mzima. Friso alifukiwa kwa takriban dakika 25, hakurudiwa na fahamu tena kikamilifu, na akafariki Agosti 2013.

Tarehe 19, upande wa pili wa dunia, watu wapatao 16 walikusanyika juu ya kituo cha Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani, washuke bonde la Tunnel Creek lililo nyuma ya kituo, nje ya eneo linalolindwa. Hawakuwa wageni hata kidogo. Kulikuwa na watelezaji wa kulipwa, waandishi wa majarida ya skii na wenyeji walioujua mlima ule kama sebule zao. Theluji mpya nyingi ilikuwa imeanguka siku hizo, tamu kabisa, lakini ilikuwa imelala juu ya tabaka dhaifu lililofanyika wiki za nyuma wakati wa jua na usiku wa anga wazi. Onyo la maporomoko lilikuwa limetolewa na wengi wao walikuwa wamelisoma. Watatu walikufa.

Gazeti la New York Times lilifanya uchunguzi mrefu wa kisa hicho, na kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Pulitzer mwaka wa 2013. Kinachouma zaidi katika masimulizi ya walionusurika ni kwamba kadhaa walikuwa na wasiwasi kabla ya kushuka. Kundi lilikuwa kubwa mno, na kuna aliyetazama walivyo wengi akahisi hili si sawa. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Kila mmoja aliangalia watu waliomzunguka, akaona mabingwa watupu, akajiambia kwamba kama kungekuwa na shida mmoja wao angesema. Na hao mabingwa nao walikuwa wakijiambia hivyo hivyo.

Huo ndio mtego, na mtafiti mmoja Mmarekani, Ian McCammon, aliupa jina na sura. Alichambua ajali 715 za maporomoko zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003, akaona kwamba watu hawakufa kwa kukosa dalili. Dalili zilikuwepo, mara nyingi nyingi mno. Walichoangushwa nacho ni njia za mkato za akili ambazo sisi sote hutumia kila siku: mahali hapa napajua, tumeshapanga hatuwezi kurudi nyuma, fulani ndiye mtaalamu wetu, wengine wanapita, nafasi hii ya theluji safi haitakuwepo kesho, na ile ya kutaka kuonekana mzuri mbele ya watu unaowapenda. Hii ya mwisho tunamwomba kila kijana wa kiume aisome mara mbili.

Tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa hatari, tusitishe watu bure. Ukibaki kwenye njia zilizofunguliwa na kuwekewa alama, poromoko si jambo la kukunyima usingizi, kwani wasimamizi wa kituo hulipua miteremko ya hatari mapema asubuhi na kufunga njia wasizoziamini. Kinachovunjika huko ni magoti, mabega na vifundo vya mkono. Maporomoko huua karibu watu 100 kwa mwaka kwenye Alps, takribani wote wakiwa nje ya njia, na katika visa tisa hivi kati ya kumi poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mtu wa kundi lake. Vifo vingi hutokea kiwango cha 3, ambacho masikioni mwa mtu kinasikika kama cha katikati, hivyo si kibaya.

Ila kutoka njiani hakuhitaji uamuzi mkubwa. Hakuna anayesema “sasa tunaenda mahali pa kufa”. Watu wanaona njia mbili zinakaribiana, katikati pana theluji laini ya mita chache, mmoja anakata, wa pili anamfuata. Michael Schumacher, bingwa wa Formula One mara saba, alipata ajali yake Desemba 29, 2013 huko Méribel, Ufaransa, kwenye kipande kama hicho kati ya njia mbili zilizowekewa alama, mita chache tu kutoka njiani, akiwa na mwanawe na marafiki. Wachunguzi walisema hakuwa na mwendo wa kupindukia, na helmeti alikuwa amevaa. Theluji ya juu ilificha mwamba.

Na ukifukiwa, helikopta si jibu. Uwezekano wa kuishi huporomoka vibaya baada ya dakika kumi hadi kumi na tano za kwanza, muda ambao waokoaji wengi hawajafunga hata viatu. Watakaokutoa ni wale uliokuja nao, kama kila mmoja ana kifaa cha kutoa na kunasa mawimbi, koleo na fimbo ndefu ya kuchokora, na kama amefunzwa kuvitumia. Ndiyo maana tunasema suala zima ni la urafiki. Mtu ambaye huwezi kumwambia “naogopa” ndiye huyo huyo unayemtegemea akuchimbue.

Kenya ina hadithi yake ya theluji, na ni nzuri kwa mjadala huu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland mwaka wa 1996 kujifunza skii kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japan, 1998. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufika huko. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, muda wake ukiwa dakika 47 na sekunde 25, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway. Wasimamizi walitaka kuendelea na hafla ya medali. Dæhlie akakataa, akamsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka 20 baada ya Nagano, Sabrina Simader, aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremko huko PyeongChang, mwanamke wa kwanza wetu kufanya hivyo. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba mlima una wenyewe. Lakini tukirudi kwa Dæhlie, bingwa wa dunia alipata dakika za kusimama kwenye baridi akimngoja mgeni. Msee wa chuo chako anayekuacha kileleni ili awahi kushuka kwake kwa tatu ana haraka gani?

Wanaowaalika wageni ndio tunaowalaumu kwanza. Kuna tabia mbaya ya kumchukua mtu ambaye hajawahi kuvaa skii, kumpandisha juu kabisa na lifti, kumwambia “piga magoti kidogo, elekeza ncha za skii zikutane, utaelewa tu”, halafu kumrekodi. Video inachekesha, kweli. Mtu huyo hajui kusimama. Kwenye mlima ulioganda, asiyejua kusimama ni gari lisilo na breki linaloelekea kwa watoto wa wenyewe. Siku ya kwanza mtafutieni somo la kundi kwenye shule ya skii, lile la asubuhi nzima chini kwenye uwanja wa wanaoanza. Kama hela ni tatizo changeni; mmechangia vitu vya kipuzi zaidi.

Kwa anayealikwa, kuna uongo mmoja wa kuacha kabisa, nao husemwa dukani. Ukikodi skii utaulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako. Si udaku. Kifungo kinachoshika kiatu kwenye skii hukazwa kwa hesabu hiyo pamoja na urefu wa soli ya kiatu, ili unapoanguka skii ijifungue kabla mguu haujavunjika. Ukijiita mtaalamu kwa sababu mhudumu ni mrembo, kifungo kitakazwa, na rojorojo la saa nane litakapokamata skii, skii haitatoka. Ukipunguza kilo zako kwa aibu, itatoka wakati hutaki, katikati ya kona. Sema namba za kweli, na usimruhusu beshte yeyote aje na bisibisi kukurekebishia.

Mengine madogo madogo: soksi ni jozi moja, ndefu na nyembamba, kwani tatu hukata damu na miguu ikaganda zaidi. Jinzi hazifai, zinaloa. Wenye rasta na braids, fundo kubwa la utosini huinua helmeti isikae vizuri, kwa hivyo zifungeni chini shingoni. Na losheni ya jua ni ya kila ngozi, kwa sababu theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua usoni kwako. Melanini ina mipaka yake.

Bima nayo isiachwe. Italia, tangu Januari 1, 2022, kila anayeteleza kwenye njia zake lazima awe na bima ya kufidia atakaowaumiza, na sheria ya helmeti iliyokuwa ya walio chini ya miaka 18 ilipanuliwa Novemba 1, 2025 ikawashika na watu wazima. Austria, helikopta ikikutoa mlimani bili inaweza kufika maelfu ya yuro, na bima ya kawaida ya afya mara nyingi haiigusi. Kuna njia rahisi: uanachama wa mwaka katika chama cha wapanda milima cha Austria huja na bima ya uokoaji, na bei yake si kitu ukilinganisha na bili hiyo. Fikiria mwanafunzi wa uuguzi anayetuma hela nyumbani kila mwezi, goti limekatika kano, miezi sita hadi tisa ya kupona. Hapo familia nzima ya Kitale au Likoni imeumia goti.

Turudi kwa mbogi, asubuhi, kabla ya lifti ya kwanza. Tunapendekeza kikao cha dakika tano, na tunajua kinasikika kama mkutano wa chama, lakini vumilieni. Mwendo ni wa aliye mdogo zaidi kwa ujuzi. Kila panapogawanyika njia watu wasubiriane, pembeni na mahali wanapoonekana kutoka juu, kwani kanuni kumi za shirikisho la kimataifa la skii zinakataza kusimama penye wembamba au pasipoonekana, na selfi za kikundi hupendwa hasa chini ya vilima ambako anayeshuka hawezi kukuona. Wanaotaka kwenda kasi waende zao na wakutane na wengine kwenye chakula cha mchana. Kugawanyika kwa mpango si ugomvi. Namba za dharura ziwe kwenye kila simu, 112 kwa Ulaya, 140 kwa waokoaji wa milima wa Austria, na simu ikae karibu na kifua kwa sababu baridi hula betri. Kubwa kuliko yote, hapana ya mtu mmoja inatosha. Asiulizwe sababu. Asipigiwe kura. Jioni kwenye grupu la WhatsApp asichomwe.

Hili la kutochomwa ndilo gumu, tunajua. Utani ndio lugha yetu, na kundi lisilotaniana halina ladha. Lakini mtu akichekwa leo kwa kukataa mteremko uliokuwa umeganda, kesho hatakataa, na wenzake waliosikia kicheko kile hawatakataa pia. Wale 16 wa Tunnel Creek hawakukosa marafiki waliowapenda. Walikosa mmoja wa kuanza.

Aliyealikwa naye ana wajibu wake. Usingoje ufike ukingoni ndipo useme. Pale juu, skii zimeshaelekea chini na watu wanne wanakutazama, ulimi unakuwa mzito. Sema ukiwa chini, kwenye chai, bila kujieleza sana: leo mimi ni bluu tu, na mchana nitaangalia kama naendelea. Ukisema mapema mpango unajengwa nao. Ukisema umechelewa, bado sema.

Na kuna ile ya mwisho. Karibu saa kumi lifti hufungwa, na nusu saa kabla yake kila kundi lina mtu wa “moja tu ya kufunga siku”. Miguu imechoka, vivuli vimeingia, rojorojo limeanza kuganda, na njia zote zinazoshuka kijijini zimejaa watu wanaokimbilia basi moja. Watelezaji wengi wa zamani hawapendi hata kulitamka neno “mwisho”, wanaona mkosi. Vituo vingi vina kigari cha kamba kinachopanda na watu na kushuka nao, na kukishukia hakuhitaji ruhusa ya mtu. Muulize mhudumu wa lifti asubuhi, mapema, kama chenu hushusha watu na hufungwa saa ngapi, na mkubaliane ni nani atashuka nacho pamoja na atakayetaka kushuka, asishuke peke yake.